Baridi ya Dakika Kumi

Kila siku shule ilipotoka, Feza alipita kwanza kwenye ateliye, karakana ya baba yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kuliko wenzake, na vidole vyembamba ambavyo baba yake alivisifu kuliko alama zake za hesabu. Ateliye ilikuwa Mangobo, mjini Kisangani, mitaa mitatu kutoka nyumbani: paa la bati juu ya nguzo nne, meza moja ya mbao, na mafrigo ya wauza bia yamepangwa mstari kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Feza alivua viatu vya shule, akafunga kikwembe cha kitenge kiunoni, akachota maji ya kujaza pipa, akafagia, halafu akauliza kazi ya siku ni ipi.

Baba yake aliitwa Alfani, lakini mtaa mzima ulimwita Papa Frigo. Alikuja kutoka Maniema akiwa kijana, akajifunza kazi ya baridi kwa Mgiriki mmoja mwenye duka. Mgiriki alipoondoka nchini alimwachia funguo zake za kukaza nati, taa ya kuchomelea, na kompresa ya frigo kuukuu ambayo Papa Alfani aliigeuza kuwa mashine ya kunyonya hewa. Papa Alfani hakuwa na maneno mengi. Kazi alikuonyesha mara moja, na ukiuliza kwa nini, alikujibu, "Fanya, utaona."

Wiki moja ya mwaka 1981 ikaja kazi isiyo ya frigo. Citoyen Bolamba, kama ilivyobidi kusema badala ya Bwana, direkta wa kampuni moja ya kahawa, alikuwa na Peugeot nyeusi ya zamani. Miaka sita nyuma mashine ya baridi ya gari hilo ilikufa, fundi mmoja akaing'oa yote na kuitupa ndani ya kasha, na panya wakaifanya nyumba yao. Sasa Bolamba alitaka irudishwe. Haikuwa kwa ajili yake mwenyewe. Jumamosi saa nne asubuhi mkubwa wa Chama angetua kwa ndege kutoka Kinshasa, na ilikwisha kuamuliwa kwamba atapanda Peugeot ile kutoka kiwanja cha Bangboka hadi mjini. Mkubwa huyo alikuwa mnene, joto hakuliweza, na asingefungua hata kifungo kimoja cha abakosti yake mbele ya watu. Siku zile wanaume wa vyeo walivaa koti hilo lililofungwa hadi shingoni, jua lichome lisichome.

Bolamba alileta kasha lake Jumanne. Alileta pia kitu kipya alichoagiza Kinshasa: chupa ndogo ya chuma, kama mkebe wa maziwa, yenye punje za kunyonya unyevu ndani yake. Papa Alfani aliigeuza mkononi, akaona vizibo viko sawasawa, akaiweka juu kabisa ya kabati. Alitaka kusema kwamba siku ni chache. Lakini kwa mtu kama yule hukusema siku ni chache.

Jumatano mchana Papa Alfani alikwenda kuomba gesi ya baridi kwa rafiki yake upande wa pili wa mji. Kabla ya kuondoka alimwekea Feza mabomba ya gari mezani, yakiwa na mavi ya panya na udongo wa nyigu, na pembeni chupa ya bia iliyojaa esansi, petroli ya gari. Mafuta hayakuonekana mjini wiki hiyo. Esansi ile aliipata baada ya kusimama mstarini tangu alfajiri.

"Safisha yote na hii," alisema. "Na hii tu. Mimina ndani, tikisa, mwaga."

Feza alisafisha bomba la kwanza vizuri kabisa. Ndipo wakapita wasichana wa mtaa, Colette mbele yao, wakimwita aje kucheza nzango, maana upande wao ulipungukiwa mtu. Nzango huchezwa kwa miguu: mnatazamana wawili wawili, mnaimba, mnapiga makofi, mnaruka, na kila mmoja anatupa mguu akijaribu kumpata mwenzake. Feza aliona hakuna haja ya kwenda mbali. Walicheza palepale mbele ya meza. Aliishusha chupa chini ili isianguke kutoka juu, na katika mruko wa tatu mguu wake mwenyewe ukaipiga. Alipoinama kuiinua ilikuwa imebaki na vijiko viwili. Ardhi ilikuwa imekunywa yote.

Wasichana waliondoka bila kelele, kama watu wanavyoondoka penye msiba. Feza alitazama mabomba saba yaliyobaki, na rundo la vibomba vyembamba la kufungwa mbele ya gari, na pipa la maji alilolijaza mwenyewe. Uchafu ni uchafu, aliwaza. Akasuuza kila kitu kwa maji, akapuliza ndani mpaka mashavu yakauma, akavianika kwenye kamba ya nguo. Jua likakausha nje. Halafu akafanya jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote: alichukua kitambaa, akakichovya kwenye vile vijiko viwili vya esansi, akapaka midomo ya mabomba yote ili yanuke.

Baba yake aliporudi alinusa bomba moja, la pili, la tatu.

"Umesafisha yote na esansi?"

"Ndiyo, papa."

Akamshika kichwa kidogo kwa furaha. Feza alitamani baba yake angempiga badala yake.

Alhamisi na Ijumaa shule hazikufungua, kwa sababu wanafunzi walipelekwa kufagia barabara ya mgeni. Papa Alfani alimwombea Feza ruhusa, maana chini ya dashibodi ya Peugeot kulikuwa na mahali ambapo mkono wa mtu mzima haukuingia. Walifanyia kazi nyumbani kwa Bolamba, ndani ya ua wenye ukuta mrefu uliopandwa vipande vya chupa juu. Mlangoni alikaa sentineli, yaani mlinzi, mzee Daudi, aliyekuwa na kiti kimoja, filimbi moja na utani usiokwisha. Alimwambia Feza kwamba ameona mafundi wengi wakiingia mle na ndevu nyeusi na kutoka na nyeupe.

Siku nzima ya Alhamisi walifunga. Feza alilala chali kwenye zulia la gari, uso chini ya dashibodi, akikaza visukurubu kwa kugusa tu. Chupa mpya ya kukausha iliwekwa mwisho. Ijumaa asubuhi ile kompresa ya Mgiriki ilinyonya hewa saa moja, Papa Alfani akaingiza gesi, akawasha injini. Ukatoka upepo wa baridi kama mlango wa frigo umefunguliwa. Mpishi, Mama Marthe, alileta uso wake pale dirishani akacheka. Citoyen Bolamba aliingia na abakosti yake, akafunga vioo vyote, akakaa nyuma kama mgeni mwenyewe.

Baada ya dakika kumi akatoka, shingo imelowa.

Ndani ya gari sasa kulipuliza joto. Papa Alfani alizima injini, akangoja nusu saa, akawasha tena. Baridi ikarudi. Dakika kumi, ikafa. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo akitafuta mahali gesi inapotorokea. Hakuna povu lililovimba. Akawasha mara ya tatu, na mara ya tatu ikawa vilevile. Feza alikuwa amesimama karibu na gurudumu akihesabu dakika moyoni.

Bolamba hakupaza sauti. Alisema chupa aliyoileta ilikuwa mpya, yeye mwenyewe aliibeba, na kitu kipya hakifi siku ya kwanza. Donc, basi, chupa iliyo ndani ya gari si ile. Papa Alfani aliapa kwamba ni ileile. Bolamba alimwita Daudi akamwambia afunge mlango kwa kufuli, na hakuna fundi wala mtoto wa fundi kutoka mpaka gari lipulize baridi. Kesho saa tatu askari wa msafara watapita hapa kulichukua. Wakikuta joto, basi fundi atawaeleza wao.

Kufuli likalia. Daudi alirudi kwenye kiti chake na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Saa zile za mchana zilikuwa ndefu. Ukuta ulizuia hata upepo. Kwa nje walisikika wanafunzi wakifanya mazoezi ya nyimbo za mapokezi, mstari uleule tena na tena. Feza aliambaa ukuta mpaka mwisho wake, akarudi. Alimwendea Daudi akamwuliza kama kuna mlango mwingine. Daudi alisema uko, wa takataka, lakini nao una kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa direkta. "Mimi mwenyewe, mutoto, nikitaka kwenda kwa bibi yangu ninaomba," alisema. "Na yule ndani, unafikiri iko huru? Tangu juzi halali. Gari likishindwa kesho, kazi yake imekwisha. Hapa kila mutu iko na mutu juu yake."

Papa Alfani alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye tairi. Alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa binti yake, kwamba hajui tena. Gesi iliyobaki ilitosha kujaza mara moja tu, na katika mji mzima hakuna nyingine. Akiifungua mashine bila kujua ugonjwa, ataijaza tena, itakufa tena, na hapo hakuna la kufanya. Akakumbuka kila kiungo alichokikaza, kimoja kimoja, akitafuta kosa lake. Feza alisikiliza. Mara mbili alifungua kinywa. Mara ya kwanza Mama Marthe alipita na sahani ya pondu na chikwangue, akanyamaza. Mara ya pili hakupita mtu, lakini alinyamaza pia.

Saa kumi alasiri Bolamba alirudi na karatasi na kalamu. Alikaa kwenye ngazi, karibu nao, na sauti yake ilikuwa ya upole.

"Alfani, mimi si mutu mubaya. Mutoto huyu anaweza kurudi kwa mama yake sasa hivi. Wewe tia sahihi hapa, kwamba ulichukua chupa mpya ukaweka ya zamani. Kesho nikiulizwa, nitakuwa na kitu cha kuonyesha. C'est tout, ni hivyo tu."

Papa Alfani aliisoma karatasi kwa kidole, polepole, neno kwa neno, maana shule yake haikufika mbali.

"Nikitia sahihi, yeye anatoka?"

"Daudi atamfungulia."

"Leo? Kabla giza halijaingia?"

"Leo."

Akaifuta mikono yake kwenye suruali, akaichukua kalamu.

"Papa, usiandike," Feza alisema. "Ni mimi. Niliosha mabomba na maji."

Kisha akasema yote: nzango, mguu, chupa, pipa, kamba ya nguo. Alipofika kwenye kitambaa na midomo ya mabomba sauti ilimkatika, akaanza upya mpaka akamaliza. Aliyasema akitazama kalamu, si uso wa baba yake.

Bolamba alitikisa kichwa. Alisema mtoto amefundishwa hadithi hiyo ili kumwokoa baba. Lakini Papa Alfani alikuwa tayari amesimama, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyepapasa ukuta gizani muda mrefu na ghafla akashika kitasa.

"Maji," alisema. "Kwa hiyo ni barafu."

Aliwasha injini. Baridi ikaja, dakika kumi zikapita, ikafa. Ndipo akamwomba Mama Marthe birika la maji ya moto na kitambaa. Alimkalisha Bolamba kiti cha mbele, akamwonyesha kipande kimoja cha shaba kilichojificha karibu na dashibodi. Alieleza kwamba gesi yote hupita humo kwenye tundu jembamba kuliko sindano, na hapo ndipo baridi kali huzaliwa. Kukiwa na maji ndani ya mabomba, hata matone machache, yanafika hapo yanaganda, tundu linazibwa. Ukingoja, barafu inayeyuka, na baridi inarudi, halafu inaziba tena. Chupa mpya ilikunywa maji mpaka ikashiba. Mengine yakabaki yakizunguka. Akakifunga kile kipande cha shaba kwa kitambaa cha moto. Haikupita dakika, baridi ikarudi usoni mwa Bolamba.

Bolamba alishuka. Halafu aliichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Hakuomba radhi.

"Saa tatu kesho," alisema. "Unataka nini?"

"Esansi. Iko ndani ya tangi lako."

Mlango haukufunguliwa, lakini esansi ilitolewa. Papa Alfani alimwaga gesi yote, akang'oa mabomba, akayasafisha mwenyewe mara tatu na kuyapuliza kwa pampu ya tairi. Kisha aliikata ile chupa ya chuma kwa msumeno, akamimina punje zake kwenye kikaango cha Mama Marthe, na hapo ndipo alipomgeukia binti yake.

"Hizi zinakaangwa kama karanga. Zimekunywa maji, zinatakiwa ziyatoe. Usiache kukoroga. Zikipoa wazi, zitakunywa tena unyevu wa hapa, na unajua hewa ya Kisangani ilivyo." Akamkabidhi mwiko. "Juzi sikukueleza kwa nini esansi. Nilipaswa kukueleza. Hilo ni langu. Lile lingine ni lako."

Feza alikaa mbele ya mbabula, jiko la makaa, akikoroga mpaka bega likafa ganzi. Wakati wa kumimina, kikaango kiliteleza na punje kama ukufi mmoja zikaanguka kwenye majivu. Angeweza kuzipuliza na kuzirudisha. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Aliita, "Papa, nyingine zimeanguka kwenye majivu." Baba yake alikuja, akatazama, akasema zitupwe, zilizobaki zitatosha. Akaifunga chupa kwa taa ya kuchomelea ikiwa bado na joto.

Usiku kucha kompresa ya Mgiriki ilinyonya, na umeme, kwa bahati, haukukatika. Saa mbili asubuhi gesi ya mwisho iliingia. Bolamba hakumwamini mtu tena, hata masikio yake. Alitaka kukaa ndani saa nzima vioo vikiwa vimefungwa, na akataka mtoto akae naye, kwa sababu, alisema, huyu ndiye anayejua inakufa lini.

Wakakaa nyuma, yeye na abakosti yake, Feza na kikwembe chake chenye mafuta. Dakika ya kumi ikapita. Ya ishirini. Vioo vikaanza kupata ukungu. Feza alitetemeka kwa baridi lakini hakuthubutu kukunja mikono. Karibu na mwisho wa saa Bolamba alimwuliza, bila kumtazama, kwa nini alisema, wakati mlango ulikuwa karibu kufunguliwa kwa ajili yake. Feza alifikiri. Alijibu kwamba angetoka yeye, baba angebaki. Bolamba alifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja akatazama nje, mpaka askari walipopiga honi.

Walitolewa kwa mlango wa takataka ili wasionekane na msafara. Daudi aliwafungulia, akamwambia Papa Alfani kwamba ndevu zake bado nyeusi, kidogo. Wakashika njia ya Mangobo na mzigo wa vyombo vyao, kinyume cha watu wote waliokuwa wakiharakisha kwenda kupiga makofi barabarani.

Walikuwa wamekwenda mbali ndipo Papa Alfani aliposema.

"Sikia, Feza. Esansi kumwagika, hilo ni kosa la mguu. Ungeniambia jioni ile ningenung'unika, ningerudi mstarini, basi. Lakini ulipaka harufu. Hapo ulinifunga macho. Fundi ni kama daktari, ukimdanganya atatibu ugonjwa mwingine na mgonjwa atamfia mikononi. Jana nilitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, mpaka nikataka kuandika jina langu chini ya wizi."

"Niliogopa, papa."

"Najua. Hata yule direkta aliogopa, na umeona hofu yake ilitaka kufanya nini. Kuogopa si kosa. Kosa ukilisema mapema ni kazi ya saa moja. Ukilificha, linakua, linakamata na watu ambao hawakulifanya." Akauhamishia mzigo bega la pili. "Ile karatasi ilikuwa rahisi kuliko neno lako. Na neno lako ndilo lililotutoa. Hilo pia ulikumbuke."

Mama yake Feza alikuwa amesimama nje ya nyumba tangu alfajiri, macho mekundu. Alimwuliza mumewe walilala wapi, na kwa nini, na kama ni kweli alivyosikia jana sokoni kwamba ameshikwa kwa wizi. Papa Alfani aliweka mzigo chini, akachukua bakuli la maji, akaanza kunawa mikono.

"Mama, keti," Feza alisema. "Nitakueleza mimi."

Akaanza na siku ya Jumatano, bila kuruka kitu.